Siagi ya Nyumba ya Lucey

Sista Gobnait hakuwa na mali ya kuingilia utawani, hakuwa na Kilatini, hakuwa na kidole kinachojua piano, wala hakuwa na kura siku masista wenzake walipokaa kuamua mambo ya nyumba. Alikuwa mtawa wa jikoni, binti wa kibarua wa shamba, mwenye kuku wa kulisha na mikono mikubwa.

Kitabu cha historia ya shule ya Kilvarna kinasema kwamba shule ilifunguliwa mwaka 1879 na wasichana kumi na tisa. Walivyopatikana, hakisemi.

Masista watano walikuwa wamefika kijijini tangu Pasaka. Madawati yalikuwepo, ubao ulikuwepo, wino ulikuwepo. Wasichana ndio hawakuwepo. Askofu akaandika kwamba wasipopata kumi na watano kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, shule isifunguliwe na masista warudi Dublin. Zilibaki siku tisa, na walioandikishwa walikuwa watatu.

Mama Mkuu, Mama Aloysia, mtoto wa wakili wa Dublin, alikuwa amebisha kila mlango. Alikaribishwa kwa heshima, akasindikizwa kwa heshima, na zaidi ya wale watatu hakuna aliyeleta binti.

Gobnait aliipata sababu kisimani. Wanawake walisema Mama Mkuu aliingia kwa Batt Lucey, mwenye ng'ombe wengi na mabinti sita, akakuta maziwa yanasukwa pipani yawe siagi. Akapewa mchi wa pipa, akatabasamu, akashukuru, akaondoka bila kuugusa. Siku ile siagi haikushika. "Mgeni njoo mwenyeji apone," alisema mmoja. "Huyu kaja, mwenyeji kaugua." Na Lucey akikataa kupeleka mabinti, nani atamtangulia?

Kesho yake asubuhi, mezani, palipoliwa kimya siku zote, Gobnait alisimama na birika mkononi akasema.

"Niwie radhi, Mama. Umeondoka na siagi ya watu."

"Mimi? Sijachukua kitu cha mtu, Sista."

"Kwa hesabu yao umechukua. Anayekuta pipa linasukwa, naye husuka; asiposuka, siagi humfuata. Hata awe askofu."

Masista wengine waliinamia vikombe vyao. Mama Mkuu aliuliza mbona hakuambiwa mapema.

"Sina ruhusa ya kusema mezani, Mama."

Alhamisi, siku ya kusuka kwa Lucey, walikwenda wote wawili. Batt aliwapokea mlangoni, mikono kifuani.

"Karibu, Mama. Leo umewafuata na ng'ombe?"

Mama Mkuu aliingia ndani. Alikunja mikono ya kanzu, akamwomba mke wa Batt, Hanora, ampishe, akashika mchi. Haukupita muda jasho likamtoka, na mabinti wakacheka nyuma ya aproni. Batt alimwambia mkewe, kwa sauti ya kusikika, kwamba mkono wa mjini unafaa kushika kipepeo. Gobnait alitaka kumpokea. Mama Mkuu akakataa, akasema kosa lilikuwa lake. Kisha akaanza zaburi, akipiga mchi kwa kila mstari, na mabinti wakaacha kucheka wakaanza kuitikia.

Zaburi ya tatu, mlio ukawa mzito. Gobnait aliutambua kabla ya wote, akafumba macho kwa furaha. Hanora akafunua: punje za manjano zilikuwa zimetapakaa juu.

"Imekuja," alisema.

Batt aliwatazama mabinti zake. "Hawa sita wana midomo, Mama. Mtawaweza?"

Mama Mkuu akamwonyesha kiganja kilichochubuka. "Tutawaweza."

Batt akacheka mpaka mbwa akatoka nje. Jumapili, baada ya misa, akina mama wengine walipanga foleni kwenye lango la masista, kila mmoja na bintiye.

Barua ya askofu iliandikwa Jumatatu. Mama Mkuu alimwita Gobnait kutoka jikoni, akamuuliza kama aeleze habari za siagi.

"Mwandikie kumi na tisa tu, Mama. Naye ni mtoto wa mjini, hataelewa."

Mama Mkuu alicheka, akayeyusha nta nyekundu juu ya bahasha, kisha akamkabidhi muhuri wa nyumba, ambao mtawa wa jikoni hakuwahi kuushika. Gobnait akaukandamiza kwa nguvu zake zote, akatoka mbio na aproni yake kumwahi mtu wa posta.