Komeo la Matundu Mawili

Msumeno ulikuwa umekula nusu ya chuma, na Fundi Cheche alishaanza kujilaani. Komeo lile alilichomelea mwenyewe. Wenye jengo walitaka kitu imara, akawapa imara.

"Fundi gani huyu," mlinzi alisema, akijaribu kutania. "Si ungegandisha kwa mate tu."

Fundi hakucheka. Nyuma yake, kwenye baraza ya zahanati mpya, mkewe alikuwa ndani ya mkokoteni, ameegemea kifua cha dada yake. Pumu ilikuwa imembana tangu alfajiri. Kila pumzi ilipiga mluzi.

"Mashine ya oksijeni imo humu humu," nesi alisema. "Nilikuwepo ikishushwa. Nifungulieni tu."

Mlango ulikuwa na makufuli mawili, moja la serikali, moja la kampuni. Walijenga pamoja vizuri tu, wakaja kugombana jengo lilipokwisha. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, serikali ikataka watu watibiwe bure. Kampuni ikasema haikumwaga zege kwa sadaka. Mpaka waelewane, mmoja asifungue bila mwenzake. Ndiyo maana Fundi aliagizwa komeo lenye matundu mawili.

Asubuhi aliwapigia simu wote wawili.

"Ufunguo ninao, mzee wangu," alisema wa serikali. "Lakini kufuli langu peke yake litakusaidia nini? Mbembeleze wa kampuni."

"Nikimfungulia mmoja bure, nimewafungulia wote," alisema wa kampuni. "Pole sana, kaka."

Basi akafuata msumeno.

"Fundi," mkewe aliita. Alimwita hivyo siku zote akitaka kumchokoza. "Hata la kwako... linakushinda?"

"Bado kidogo, mama. Linakatika hili."

Akaongeza kasi. Jasho likamwingia machoni. Chuma kikalia, na kwa vile kilivyolia, hakusikia mluzi ulipokoma.

"Shemeji," dada wa mkewe alisema. Halafu tena, polepole, "Shemeji, acha."

Hakuacha. Nesi alimshika bega, naye akajinasua. Mlinzi alivua kofia yake akaangalia chini. Msumeno ulikwenda ukarudi, ukaenda ukarudi, mpaka komeo likaanguka sakafuni na makufuli yake yote mawili, bado yamefungwa.

Mlango ukaachia wenyewe, taratibu. Ndani vitanda vilikuwa vimepangwa safu, magodoro bado yamo kwenye nailoni. Upepo ukaingia. Nailoni zikaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka.