Mjumbe Hajafika

Darasa la wachumba lilifanyika chumba cha nyuma cha nyumba ya ibada, chini ya pangaboi lililolegea ambalo lilitisha kuliko mada yenyewe. Ustadhi alifundisha mengi, ila lililomkaa kichwani kinyozi mmoja aliyekuwa karibu kuoa ni moja: mke akiitwa kitandani na mumewe aitike, hata kama yuko mbele ya tanuri. Asipoitika, malaika watamlaani mpaka kukuche.

Mchumba wa kinyozi alikuwa mwokaji mikate. Akanyoosha mkono, akauliza mkate ukiungua itakuwaje.

"Uungue," akajibu Ustadhi.

Akauliza tena: na malaika wa kumlaani mume anayemkatalia mkewe wapo, au hao wako likizo? Wenzake wakainamisha vichwa kuficha vicheko. Ustadhi akatazama saa, akafunga darasa.

Wakaoana. Fungate ikapita vizuri, maana wote wawili walitaka, na anayetaka hahitaji fatwa. Kisha kazi zikarudi. Mwokaji alikuwa akiondoka alfajiri mbichi na kurudi adhuhuri, mabega yamekufa kwa kukanda unga. Siku moja kinyozi alifunga duka mapema, akamkuta amejilaza, akamsogelea. Mkewe akasema leo hapana, mgongo unamuuma. Kinyozi alikuwa ameshinda akisikiliza wateja wakijigamba kwamba wao makwao hawakataliwi. Akamkumbusha darasa.

Mkewe hakubishana. Akalala chali, mikono ubavuni kama maiti inayosubiri kuoshwa, akakodolea dari macho.

"Haya, nimeitika," akasema. "Waambie malaika wakapumzike."

Kinyozi akabaki amesimama, shati mkononi, hamu yote imemtoka. Akalivaa, vifungo vikaenda upande, akashika njia hadi kwa Ustadhi.

Alimkuta sebuleni anakunywa chai. Mke wa Ustadhi alikuwa jikoni, nyuma ya pazia, akikatakata vitunguu. Kinyozi akaamkia, akaeleza shida yake kwa kuzungukazunguka. Ustadhi akamwambia hana kosa: mke aliitwa, mke aliitika, wajibu umetimia.

"Lakini nilijiona kama mwizi, Ustadhi, tena ndani ya nyumba yangu," kinyozi akasema. "Siku ya ndoa ulimuuliza kama ananitaka, ukangoja mpaka akajibu. Kwa nini mimi nisingoje?"

Ustadhi akakohoa. Kisu cha vitunguu kikanyamaza.

"Mwambie habari ya mjumbe," sauti ikatoka nyuma ya pazia.

Ustadhi akajitia hamnazo. Mkewe akatoka, machozi ya vitunguu yanamtiririka, akamweleza kijana kwamba dini hiyohiyo inamkataza mume kumrukia mkewe kama beberu. Kwanza atangulize mjumbe, yaani busu na maneno mazuri. Ustadhi mwenyewe ndiye aliyemsomea hayo enzi za uchumba wao, kwa sauti tamu.

"Sasa darasani anayaruka," akasema. "Na humu ndani, mwanangu, mjumbe huyo hajaonekana tangu mtoto wa tatu. Labda amepotea njia."

Ustadhi akapaliwa na chai.

Kinyozi akarudi nyumbani, akamwomba mkewe radhi. Akamkanda mgongo, kisha akauliza. Mkewe akasema hapana. Kinyozi akasema sawa, akaenda kuosha vyombo, na cha ajabu akajikuta anapiga mluzi.

Wachumba waliofuata walifundishwa habari ya mjumbe, somo zima. Ustadhi alianza kuja darasani amechana ndevu na kujipaka manukato, jambo lililozua minong'ono, na mkewe akaacha kumsema mbele za wageni.

Mchana mmoja duka la kinyozi limejaa, simu ikalia. Alikuwa mkewe. Alikuwa anauliza kama ana nafasi, na kama anataka, akikataa hatanuna. Kinyozi alitaka. Akazima mashine, akamwomba mteja amsubiri kidogo tu. Mteja akakaa pale kwenye kiti, nusu ya kichwa kipara, nusu msitu, akisoma gazeti la juzi, na hakuna aliyeweza kumwambia fundi ameitwa wapi.