Majivu Yaliyoanikwa Juani

Mpimaji wa kiwanda cha umeme alipomwambia meneja kwamba jua huvunjavunja sumu iliyogandamana na chembe za majivu ya makaa ya mawe, hakujua anajipalia makaa. Meneja alifurahi kupita kiasi. Akaamuru majivu yaanikwe uani wiki nzima, kisha yakasawazishe kiwanja cha chekechea ya jirani. Binti yake mpimaji alisoma hapo, na alikuwa katika umri wa kulamba kila kitu.

"Basi yageuzwe kila saa," mpimaji akasisitiza. "Jua linafika juu tu."

Kazi akapewa nyapara, aliyebandikwa jina Mahali Pake kwa sababu ya amri yake moja: ukitoa kitu, kirudishe mahali pake. Kwa amri hiyo alishawahi kumrudisha kazini mzee aliyestaafu. Kila saa watu wake waliyageuza majivu kwa sepeto, wakafuta jasho, halafu wakayageuza tena: ya juu yakarudi juu, ya chini chini. Utaratibu haukuwa na dosari.

Siku ya kubeba, mpimaji akachota ya chini, akayapima. Sumu ilikuwa palepale. Akatoka mbio, akakuta lori limeshajaa na meneja anatabasamu.

"Bosi, haya bado yana sumu! Nusu hayajaona jua!"

"Usijali, dada. Tukimwaga, yale masafi tutayaweka juu."

"Mwanangu anachimba, bosi!"

"Mkataze."

Mpimaji alitaka kulia, lakini hasira ikawahi. Akamgeukia nyapara.

"Kaka, haya majivu mmeyatoa wapi?"

"Si hapo uani."

"Na ukitoa kitu?"

Nyapara akababaika. Akamtazama meneja, akalitazama lori, akavua kofia. Sheria ni msumeno.

"Shusheni," akawaambia watu wake, kwa sauti ya mtu aliye msibani.

Meneja akafoka yapakiwe, yakapakiwa. Nyapara akaagiza yarudishwe, yakarudishwa. Tangu hapo kazi ikawa hiyo, jioni kupakia, asubuhi kushusha. Katika vurugu hiyo, majivu ya juu na ya chini yakachanganyika, kila chembe ikapata zamu yake ya jua, na sumu ikaanza kupungua kweli. Mpimaji aliliona hilo, akafunga mdomo wake.

Jioni alimfuata binti yake chekechea, akamkuta ametapakaa udongo wa kiwanja mpaka puani, udongo uleule wa siku zote.

"Umeula tena?"

"Kidogo tu, mama."

Akamkumbatia hivyohivyo, na udongo wake wote.