Mama Alivyomkana Koplo

Kwenye nyumba za jeshi mtoto hufundishwa kunyamaza kabla hajafundishwa kusalimia. Mgeni akiuliza baba yuko wapi, hujui. Akiuliza anafanya kazi gani, hujui. Akizidi, unalia mpaka aondoke mwenyewe. Mama yake Koplo aliolewa humo, akafiwa na mume humo, na sasa alikuwa anakula uzee wake kwa mwanawe, fundi wa redio za jeshi. Majirani walimpachika jina la Kufuli, maana kumtoa neno ilikuwa kazi ya kuita fundi. Alilipenda jina hilo. Alitembea nalo kama cheo.

Basi siku kijana mmoja wa shati la mikono mirefu alipopiga hodi, alikaribishwa vizuri, akapewa kiti na maji ya kunywa.

"Mama, una mtoto wa kiume jeshini?" akauliza.

"Sina mtoto wa kiume."

"Na huyu anayeishi hapa na mkewe?"

"Mpangaji."

"Mpangaji? Kwenye nyumba za jeshi?"

"Ndivyo nilivyosikia. Mimi mwenyewe mgeni hapa, nimekuja kutibiwa macho."

Kijana akamaliza maji yake, akashukuru, akaondoka. Jioni mama akamsimulia mwanawe jinsi alivyomzungusha jasusi, tena kwa mbwembwe. Koplo alikuwa anavua buti. Alibaki na moja mguuni.

"Mama, yule ni mtu wa upekuzi. Ametumwa kuchunguza kama naaminika kushika siri. Nilikuandika kwenye maombi yangu ya kibali: mama mzazi, naishi naye."

"Ungenionya, baba."

"Tumekatazwa kuwaandaa watu."

Haya, sasa hapo utamlaumu nani? Kila fundi wa redio alitakiwa apate kibali kipya cha usalama. Asiye na kibali hagusi mtambo, asiyegusa mtambo haongezewi mkataba, na asiye na mkataba anarudisha sare na nyumba. Haukupita muda jibu likaja: Koplo amenyimwa, kwa kutoa maelezo ya uongo kuhusu familia yake.

Mama alichanganyikiwa. Alikwenda ofisi ya upekuzi na cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, mlinzi akamwambia hapa hatupokei akina mama. Akakaa nje ya geti juani, kila gari la mkubwa likipita anasimama kulipungia cheti. Yeye aliyeona aibu hata kuomba chumvi kwa jirani. Chakula kikawa hakipiti. Mkewe Koplo hakumwambia neno baya hata moja, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Angetukanwa, angejua pa kushika.

Mwanasheria wa kikosi, mwanamke mmoja mwenye haraka zake, ndiye aliyewapa upenyo. "Kuna rufaa. Mama aje aseme mwenyewe. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Wakimkuta na uongo mwingine, hata mdogo, mimi sina la kuwasaidia."

Siku ya rufaa, mlangoni, Koplo alimtengeneza mama yake mtandio. "Leo usinifichie kitu. Sema kweli tu, hata ikiuma."

Ndani walikuwa maofisa watatu nyuma ya meza ndefu, na katikati yao Kanali mwenye sauti ya upole. Mama akaungama yote: mpangaji, macho, jasusi. "Kosa ni langu, afande. Huyu nimemzaa mimi, hana hatia." Kufika kwenye macho maofisa walicheka, na Kanali akajifuta machozi.

"Mama, wewe ndiye tungepaswa kumwajiri," akasema. Mwanasheria akaanza kukusanya karatasi zake. Mama akahisi pumzi inamrudia kifuani.

"Swali la mwisho, la utaratibu tu. Mwanao akitumwa mbali, huwa anakuambia yuko wapi?"

Mama akamtazama mwanawe. Koplo alikuwa ametazama mbele, mkakamavu, kama walivyofundishwa. Ni kweli, mara moja aliwahi kumwambia. Alikuwa operesheni, mama amelazwa kwa presha ya wasiwasi, Koplo akapiga simu akamnong'oneza jina la mahali alipo, mama ajue yuko mbali na mapigano. Presha ikashuka. Mama hakumwambia mtu, hata mkamwana. Na sasa moyo wote ulimwambia akane, kama alivyokana maisha yake yote. Lakini kukana ndiko kulikowaleta hapa.

"Mara moja tu, afande. Nilikuwa mgonjwa. Akanitajia mahali, nipone."

Hakuna aliyecheka. Mwanasheria akafumba macho.

"Mahali gani, mama?" Kanali aliuliza kwa upole uleule.

Hapo ndipo alipoelewa kwamba amemshitaki mwanawe kwa kutoa siri ya jeshi. Akataka kuyarudisha maneno, akataka kusema amechanganya, ni uzee.

"Waambie, mama," Koplo akasema, bado ametazama mbele.

Akawatajia. Kanali akaandika, akamshukuru, kisha akamwomba Koplo aache kitambulisho chake mezani. Koplo akakiweka, akapiga saluti, akamgeukia mama yake na kumshika mikono amwinue.

"Twende," akamwambia. "Umefanya nilivyokuomba."