Kinywa cha Plasta

Kidole gumba cha Bi Nta kilisimama kwenye jino la mbele, palipomeguka kibanzi kidogo, na moyo ukamruka kabla akili haijafika. Alikuwa amekitoa kinywa kile cha plasta, nakala ya meno ya mgonjwa wa kutengenezewa, kwenye boksi dakika hiyo hiyo, bado kina vumbi jeupe, na kawaida yake ni kupapasa kwanza, miwani baadaye. Macho hudanganywa na mwanga, husema, kidole hakidanganywi. Akapapasa tena. Kibanzi cha nusu punje ya mchele, upande wa kushoto. Na jino la jirani limekaa upande upande, kama abiria aliyekosa nafasi kwenye benchi.

Akavaa miwani, akasoma karatasi ya Daktari aliyemletea kazi. Jina halikuwepo, namba tu. Mzee wa miaka sabini na mmoja. Magego ya juu yamekwisha pande zote mbili. Machonge mawili yavishwe mataji, na mataji hayo yabebe meno ya bandia ya kuvua, yenye fremu ya chuma.

"Umekuja mwenyewe," akakiambia kile kinywa, akakiweka chini taratibu.

Mwenye kinywa alikuwa Mkuu. Hivyo ndivyo walivyomwita wote pale karakana kubwa ya meno, ambako Bi Nta alikaa benchi moja naye miaka kumi na mmoja. Kibanzi kile kilimeguka kwa kuuma waya. Koleo liko mbele yake, yeye anauma waya, ati kunyoosha mkono ni kupoteza muda. Mtu wa haraka tangu hapo. Anakula amesimama, anakuamkia amekwishakupita.

Na haraka hiyo ndiyo iliyomponza mama mdogo. Bi Nta mwenyewe ndiye aliyempeleka, dada wa tumbo moja wa mama yake mzazi, akajisifu njiani kwamba yeye atamtengenezea meno mpaka watu wamsahau umri. Alichonga mataji mawili, akayaweka kwenye sinia, akamwambia Mkuu wazi kuwa bado hajayapima na meno ya kuvua. Akaenda kula. Aliporudi, sinia lilikuwa tupu na mama mdogo alikuwa kitini, mataji yameshagandishwa mdomoni.

Basi fremu ya meno ya kuvua ilipokuja, haikuingia. Mkuu akaisukuma kwa kidole mpaka ikaingia kwa nguvu. Kila asubuhi mama mdogo anavaa, kila jioni anavua, na kila akivua kulabu za fremu zinayavuta yale meno mawili kama mtu anayeng'oa muhogo kidogo kidogo. Mwaka haukuisha. Meno yakatoka, mzizi na taji lake, na Mkuu akasimama mbele ya wote akasema fundi alichonga vibaya.

Bi Nta alifukuzwa. Hilo angelimeza. Lililomkaa kooni ni kwamba mama mdogo aliamini. Akala akiwa ameupa ukuta uso miaka kumi na mitatu, akafa bila kumwita tena "mwanangu". Na binti yake, ambaye Bi Nta humwita Dada tangu utotoni, akawa wa kusalimiana naye misibani tu.

Sasa kinywa cha Mkuu kilikuwa mezani, kimya, kiko wazi.

Alikifunga kwenye kimeza kinachoinama, kile chenye sindano iliyosimama wima, akakizungusha kutafuta njia ya meno kuingilia na kutokea. Kazi ya namna hii yote ni njia. Taji halivuliki, limeganda. Meno ya kuvua yanaingia na kutoka kila siku. Na hivi viwili lazima vikubaliane tangu vikiwa nta njia ipi itapitwa. Ubavu wa taji uchongwe wima, mgongoni pawe na kikalio kidogo cha fremu kuketi. Kikalio kikiinama hata unene wa unywele, hakuna atakayeona. Mgonjwa atashukuru, atakwenda zake. Mwaka mmoja baadaye atalisukuma chonge kwa ulimi na litamjibu kwa kucheza.

Akawasha taa ya spiriti, akapasha kisu, akachonga kikalio kwenye nta ya taji, kikainama unene wa unywele.

Alifanya vizuri. Mungu amsamehe, hajawahi kuchonga vizuri kama siku ile. Akapuliza vumbi la nta, akaegemea kiti, akaanza kumwona Mkuu: anashika shavu, anaamka na jino kwenye mto, anakula ameupa ukuta uso. Utamu ukampanda mpaka masikioni.

Halafu akamwona anakwenda kwa wakubwa wa zahanati na kusema yule binti daktari aligandisha vibaya. Na watamwamini, ana mvi, ana sauti, alikuwa mkuu. Daktari mwenyewe ni msichana wa juzi, anayebandika maua ya karatasi kwenye boksi za kazi ili mafundi wafurahi. Atafukuzwa yeye. Na Mkuu hatajua kabisa kuwa amelipizwa. Atadhani ni uzee.

Hiyo ikamkera kuliko yote. Kumpiga mtu aliyelala, akiamka aseme ameota? Bi Nta akapasha kisu tena, akayeyusha kikalio chote, akaanza upya. Safari hii alichonga sawasawa, mpaka usiku wa macho yake, yaani saa kumi jioni. Alitaka Mkuu akae kitini na asipate kosa la kushika.

Nta ya mataji ilipokwisha kugeuzwa chuma na siku ya kujaribu kupangwa, alimwomba Daktari ruhusa ya kuwepo. Kisha akampigia Dada simu, akamwambia magoti hayamudu tena ngazi za zahanati, hana wa kumshika mkono. Dada akauliza siku na saa, akasema haya, nitakushika.

Mkuu alikuwa kitini ameshajilaza, kitambaa cha karatasi kifuani. Alimwona Bi Nta akiingia na mkoba, macho yakamcheza, akacheka mcheko wa hewa, wa mtu asiye na magego.

"Kumbe fundi ni wewe. Dunia duara."

"Shikamoo, Mkuu," alisema Bi Nta, akaenda kunawa mikono.

Daktari akaeleza, kwa heshima zote, kwamba mzee ana harusi ya mjukuu Jumamosi na yeye ndiye msemaji wa ukoo. Anaomba mataji yagandishwe leo hii, tabasamu lipatikane, meno ya kuvua yafuate wiki ijayo. Naye ni mtu wa fani, anajua. Gundi ilikuwa imeshatolewa kwenye friji.

Bi Nta aliyaweka mataji mawili kwenye sinia, na fremu pembeni, meno yake yamepangwa kwenye nta. Angeweza kunyamaza. Ilihitajika tu anyamaze, na Mkuu ajichimbie mwenyewe kwa mkono wa mwingine. Akalisogeza sinia kidogo, akalisawazisha.

"Mama, unasemaje?" Daktari akauliza.

"Muulize yeye. Ni mwalimu wangu. Muulize, taji likigandishwa kabla halijajaribiwa na meno yake, hutokea nini."

Mkuu akasema hutokea mara chache.

"Ilishatokea?" Daktari akauliza, maana hakujua lolote.

"Zamani. Kwa bibi mmoja."

Bi Nta akaenda mlangoni, akaufungua. Dada alikuwa kwenye benchi la kusubiria, mkono shavuni. Akamwomba aingie, akamvutia kigoda cha magurudumu.

"Bibi mmoja alikuwa na mtoto," alisema. "Huyu hapa. Endelea, Mkuu."

Mzee akataka kuinuka. Kiti kile ukishalazwa huinuki bila mwenye kukiendesha, na Daktari hakugusa kitufe. Akasema mambo hayo ni ya kale, hata karatasi zake hazipo.

"Karatasi hazipo. Wewe upo."

Daktari alikuwa ameishusha ile gundi. Akauliza kwa sauti ndogo, kama anayeuliza mgonjwa wapi panauma: "Mzee, nani aliyagandisha?"

Mkuu akatazama dari. Taa ya kiti ilimmulika mdomoni, ufizi wote ukaonekana, na ulimi unaotafuta pa kujificha.

"Mimi. Niliyachukua kwenye sinia lake. Yeye alikuwa amekwenda kula."

Dada akajisogeza mbele na kile kigoda.

"Sema tena, baba. Sikio langu hili zito."

Na masikio ya Dada ni mazima kama ya sungura. Mzee akasema tena, yote, kwa sauti ya juu zaidi, herufi zikimtoka na upepo. Dada akasema asante. Kisha akamgeukia Bi Nta, akamtazama kwa muda mrefu, akarudisha macho magotini kwake mwenyewe.

Hapo ndipo Bi Nta alipomruhusu Daktari ajaribu. Mataji yakakaa machongeni bila gundi. Fremu ikapelekwa kwa vidole viwili, ikateleza juu bila kusukumwa, ikaketi. Mkuu akafumba macho. Ulimi wake, ulimi wa fundi, ukazunguka kona zote kutafuta kosa. Ukazunguka tena. Chozi likamtoka likaingia sikioni.

"Safi," alisema, na sasa neno lilitoka zima. "Niachie mpaka Jumamosi. Nitavaa tu, sitatafuna."

"Meno hayo yameshikwa na nta tu, Mkuu. Kikombe cha chai tu, itakuumbua mbele ya wakwe." Bi Nta alimvua meno mwenyewe, fremu kwanza, kisha taji moja, kisha la pili, akavifuta na kuvirudisha kwenye boksi lake.

"Itakuwa tayari lini?"

"Ikiwa tayari."

"Jumamosi, mama. Mimi ndiye msemaji."

"Nimesikia," alisema Bi Nta, akafunga mkoba.

Kwenye ngazi, Dada alimshika kiwiko kama walivyopatana, ingawa magoti ya Bi Nta yalishuka bila shida na wote wawili waliliona hilo. Huko nje jua lilikuwa kali, watu wengi njiani. Dada akachukua mpini mmoja wa mkoba, yeye akabaki na wa pili, wakatembea hivyo bila kuulizana wanakwenda kwa nani, na ndani ya boksi meno ya Mkuu yakawa yanagongana polepole, kwa kila hatua yao.