Ndege ya Jumanne

Jumatatu asubuhi Fundi alikuwa kwenye cherehani yake sebuleni, anashona sketi za sare ya shule, pini tatu mdomoni, simu ilipotetemeka juu ya meza ya kukatia. Kaka yake alikuwa amemrushia ujumbe wa shirika la ndege kama ulivyo, bila kuongeza neno lake hata moja.

"Ndugu abiria, kutokana na utabiri wa mvua kubwa na upepo mkali, baadhi ya safari zetu za Jumanne na Jumatano huenda zikachelewa au kufutwa. Ukipenda, unaweza kubadilisha tarehe ya safari yako bila malipo. Tafadhali hakikisha hali ya safari yako kabla ya kuja uwanjani."

Fundi alizitema pini kiganjani, akausoma mara mbili, kisha akageuka kutazama mlango wa chumba cha nyuma. Humo alilala baba yao. Ijumaa iliyopita daktari alimvuta Fundi kando kwenye korido ya hospitali, akamwambia figo zimechoka kabisa, bora mzee akapumzike nyumbani, na kama kuna ndugu wa mbali aitwe sasa. Ndugu wa mbali alikuwa mmoja tu, huyo kaka, ambaye ukoo mzima ulimwita Injinia hata kabla hajamaliza chuo. Aliishi mji mwingine, saa moja na nusu kwa ndege, na alikuwa amekata tiketi ya Jumanne.

Fundi akampigia.

"Umeuona?" Injinia akauliza.

"Nimeuona. Wamesema huenda, kaka. Hawajasema imefutwa."

"Hawa watu hawaandiki hivi hivi. Wakikwambia huenda, ujue wanakuandaa."

"Basi nenda uwanjani kesho. Isiporuka, utarudi nyumbani kwako. Baba anakuulizia kila akifumbua macho."

"Sawa, mdogo wangu. Nitaangalia asubuhi."

Jumanne asubuhi Fundi alimwogesha baba yake kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, akamgeuza ubavu, akampaka mafuta pale mgongoni ngozi ilipoanza kuchubuka. Mzee mwenyewe ndiye aliyetaka shati. Si fulana, shati, lile jeupe la mikono mirefu ambalo Fundi alimshonea alipostaafu. Lilimpwaya sasa, kola ingetosha shingo mbili. Fundi alikunja mikono kwa uangalifu, akamwegemeza kwenye mito.

"Niko vizuri?" mzee akauliza.

"Bwana harusi kabisa, Baba."

Mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Saa nne ujumbe ukaingia. Huu uliandikwa na Injinia mwenyewe: "Safari imefutwa. Wamenisogeza hadi Ijumaa. Mwambie Baba asijali, ni mambo ya hewa."

Nje kulikuwa na manyunyu tu. Fundi alisimama dirishani, akaitazama mvua ile nyepesi ikilowesha kamba ya nguo, akajiambia kwamba huko kwa kaka huenda hali ni mbaya zaidi. Akaingia chumbani, akamwambia baba yake. Mzee alitikisa kichwa polepole, akasema hewa haina bosi, hata rubani anaisujudia.

Aliyajua anayoyasema. Miaka ishirini na sita alikuwa mpakia mizigo uwanja wa ndege, na alijenga nyumba hiyo karibu na uwanja ili aende kazini kwa miguu. Ndege zilipita juu ya bati zikishuka, vikombe vikagongana kabatini. Wageni walishtuka. Wenyewe walinyamaza kidogo tu, kisha wakaendelea na mazungumzo pale walipoachia.

Adhuhuri manyunyu yakakatika. Saa nane kasoro dakika tano, Fundi akiwa anamnywesha baba yake maji kwa kijiko, vikombe vikaanza kulia.

Mzee akafunga mdomo, maji yakamtiririka kidevuni. Alisikiliza mpaka mngurumo ulipotua chini na kuzimika.

"Hiyo ndiyo ya kwake," akasema.

"Hapana, Baba. Ya kwake imefutwa, si nimekwambia?"

"Mama." Alimwita hivyo kwa sababu binti huyo alirithi jina la bibi yake. "Ndege hiyo nimeipakua mimi. Inatoka kule, inafika saa nane. Hakuna nyingine saa hizi."

Fundi alitoka uani na simu. Injinia hakupokea. Akapiga tena, na tena. Mara ya nne alipokea, na nyuma yake kulisikika sauti ya mtu akiuliza mchoro wa ghorofa ya pili uko wapi.

"Uko ofisini," Fundi akasema.

"Nimepita mara moja tu."

"Ndege imetua, kaka. Imepita juu ya kichwa changu sasa hivi."

Injinia alishusha pumzi. "Sikiliza. Walitoa nafasi ya kubadilisha, nikabadilisha. Ingeweza kufutwa. Ningekwama uwanjani siku nzima, kwa faida ya nani?"

"Uliandika imefutwa."

"Ni kitu kilekile."

"Si kitu kilekile!"

"Mdogo wangu, Ijumaa si mbali. Nina kikao, nitakupigia."

Hakupiga. Fundi aliporudi ndani alikuta baba yake anahangaika na vifungo vya shati kwa vidole visivyokunjika.

"Nivue," akasema. "Linanibana."

Shati lililompwaya namna ile! Fundi alimvua bila kubisha. Alivuta mikono ya shati kwa nguvu kuliko alivyokusudia, na mzee akaihisi hasira yake.

"Usimgombeze."

"Amedanganya, Baba."

"Najua. Usimwambie kwamba nimesikia. Akija, mimi nilikuwa nimelala. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Niahidi."

Akaahidi.

Jumatano dhoruba ilikuja kweli. Ilifika mapema, ikang'oa bati la jirani, ikakata umeme, na siku nzima hakuna ndege iliyopita. Mzee hakuzungumza tena. Alhamisi saa tatu asubuhi, mbingu ikiwa safi kama iliyofuliwa, alivuta pumzi ndefu, Fundi akangoja inayofuata, na haikuja.

Injinia alipata kiti siku ileile. Abiria waliokwama Jumatano walijaa uwanjani kama siafu, lakini alieleza kwamba amefiwa na baba, wakampitisha mbele. Alasiri alikuwa amesimama mlangoni, amevaa miwani myeusi, na wanawake wakamkumbatia kwa zamu.

Ijumaa baada ya mazishi watu walikaa uani kwenye viti vya kukodi. Injinia alikuwa katikati yao, anasimulia.

"Nilikuwa nimeshafunga begi," alisema. "Hewa ikanikatalia. Wakafuta safari. Unafanya nini? Unabaki unaangalia simu tu, baba yako yuko kitandani."

"Pole sana, mwanangu," shangazi mmoja akasema, na kufuta machozi.

Mzee Toroli, aliyepakia mizigo pamoja na marehemu na ambaye bado anafanya kazi uwanjani, aliweka kikombe chake chini.

"Safari ya siku gani hiyo?"

"Jumanne."

"Jumanne nilikuwa zamu. Ya saa nane ilikuja. Ilichelewa dakika kumi tu kuondoka, ikarudi zake."

Injinia alivua miwani, akaifuta, akamtafuta dada yake kwa macho. "Nilipata ujumbe. Dada ni shahidi, nilimtumia. Si kweli, dada?"

Fundi alikuwa ameshika sinia la vikombe vichafu.

"Ujumbe ulisema huenda," akajibu, na kupita kwenda jikoni.

Injinia alimfuata. Alisimama kati ya jiko na ndoo za maji, mkubwa kupita nafasi iliyokuwepo.

"Umeniaibisha mbele ya watu."

Fundi akaendelea kuosha vikombe.

"Unajua nini?" sauti ya Injinia ikashuka. "Ule ujumbe ulipoingia, nilihisi kama mtu amenitua mzigo. Mwaka mzima nilimwambia nitamchukua, nimpeleke kwenye hospitali kubwa kule kwangu. Kila mwezi nikasema mwezi ujao. Ningemtazama vipi usoni?"

"Mimi nilimgeuza kila baada ya saa mbili," Fundi akasema. "Mchana na usiku, miezi mitano. Hakuna aliyenitumia ujumbe wa kunitua mzigo."

Injinia akaegemea ukuta. Akauliza, kwa sauti ya mtoto, "Alijua?"

Hapo Fundi angeweza kusema mzee alikuwa amelala. Neno lilikuwa tayari mdomoni, baba yake mwenyewe ndiye aliyemwekea. Akamtazama kaka yake, suruali iliyopigwa pasi, viatu vilivyong'arishwa kwa ajili ya mazishi, akalimeza.

"Alijua. Aliisikia ikitua. Na aliniomba nisikwambie."

Injinia aliteleza taratibu mpaka akakaa sakafuni kwenye maji yaliyomwagika, akajifunika uso kwa mikono miwili, akalia bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka. Fundi alidhani angeona raha. Alikuwa ameingojea raha hiyo tangu Jumanne. Hakuona kitu. Aliona tu kwamba baba yake alimwomba jambo moja, la mwisho, jepesi kuliko yote aliyomfanyia, na hilo ndilo lililomshinda.

Injinia aliondoka Jumapili. Waliagana kwa kushikana mikono, kama watu waliofanya kazi pamoja. Siku hizi hupigiana simu mara mojamoja, wakazungumzia bati linalovuja na hati ya kiwanja. Kila mmoja humwacha mwenzake akate simu kwanza, na hakuna hata mmoja anayemtaja mzee.