Aliyempokea Athuman

Msinipe pole. Pole ni ya mfiwa, na mimi sijui kama nina haki ya kujiita hivyo.

Mimi ni Simba tangu tumboni mwa mama. Athuman, fundi tairi wa malori pale Sogea, Tunduma, alikuwa Yanga, tena Yanga wa kukera. Akiniona tu asubuhi: "Kolo wangu, umeamkaje?" Nami: "Salama, Utopolo, bado hujafa?" Miaka kumi na minne tulitaniana hivyo, kwa majina ya kejeli ya timu zetu. Ulaya wote tulikuwa Arsenal, ugonjwa mmoja. Na ng'ambo ya mpaka, Nakonde, upande wa Zambia, tulikuwa na kitimu chetu, Mwenzo Rangers, cha daraja la chini kabisa. Tulianza kukishabikia tukiwa vijana wa kuvusha mizigo, na hicho hatukukigombania hata siku moja.

Agosti ligi zilipofunguliwa, Athuman alikuwa na kidonda mguuni, amechomwa na waya wa tairi. Kumbe ana sukari na hajui. Oktoba anachechemea, Desemba wakamkata mguu Mbeya. Nilipokwenda kumwona, akaanza yeye: "Sasa hata mimi nitapata namba Simba." Wodi nzima ikacheka. Mimi nikatoka nje nikashika ukuta.

Ikaja figo. Mwezi wa tano Simba walifika fainali ya Afrika wakalikosa kombe, Arsenal wakamaliza wa pili tena, nami nikakaa ukingoni mwa kitanda chake nikilia, mgonjwa ndiye ananibembeleza. Aibu gani hiyo! Siku hiyo ndipo aliponishika mkono.

"Ashraf, ndugu zangu wako Kigoma, hawatawahi. Nikifa, uingie wewe kaburini unipokee. Usiniache nikashikwa na watu nisiowajua."

Nilitaka kumtania. Uso wake ukanikataza.

"Wallahi nitaingia," nikasema.

Alikufa Jumamosi moja alfajiri, mwezi wa sita. Zaitun, mkewe, alinipigia mwenyewe. Maziko baada ya swala ya alasiri, jeneza litaswaliwa saa kumi na robo. Asubuhi nilifanya yote ya mtu mzima: nilitafuta sanda, nilisimamia wachimbaji, nikahakikisha mwanandani wa kulaza maiti umechimbwa sawa. Adhuhuri ikaisha. Watu wakakaa kwenye mikeka. Na siku hiyohiyo, saa nane yetu, Mwenzo Rangers walikuwa wanacheza mechi ya kupanda daraja.

Nitasema nini? Nilijidanganya. Nilijiambia nakwenda kumwangalizia marehemu, nimletee matokeo. Uongo mtupu. Kukaa pale kulinishinda, na mpira ulikuwa unaniita. Nikachukua bodaboda, nikavuka.

Sasa, mtu wa Tunduma hujui saa mpaka uulize ni saa ya wapi. Zambia wako nyuma yetu saa nzima. Mtoto wa chekechea wa hapa anajua. Ukipanga miadi unasema kabisa, ya huku au ya kule. Nami nina laini mbili kwenye simu kama kila mfanyabiashara, ukivuka tu ile ya kule inashika, na saa ya simu inajirudisha nyuma yenyewe.

Mwamuzi alichelewa karibu saa nzima, mpira haukuanza. Tukakaa juani, watu wanagombana, mimi nawaza mwanandani. Hatimaye wakaanza. Mapumziko nikatazama simu: saa tisa kasoro robo. Nikapiga hesabu, ule muda wa kumngoja mwamuzi nimeshausahau. Swala saa kumi na robo, safari haizidi dakika ishirini. Nina muda wa kipindi cha pili.

Ilikuwa saa ya kule. Kwetu ilikuwa saa kumi kasoro robo. Miaka yote nimewacheka wageni kwa kosa hilohilo, na siku ya Athuman nikalifanya mimi.

Dakika ya themanini na nane Rangers wakafunga. Niliruka. Nasema kweli, niliruka na kumkumbatia mtu nisiyemjua, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Filimbi ya mwisho ndiyo iliyonirudisha. Nikakimbilia bodaboda. Tulipokaribia geti la mpakani simu ikashika laini ya nyumbani: saa kumi na moja kamili, na meseji kumi na tisa, zote zinauliza uko wapi.

Makaburini nilimkuta mzee Uledi, imamu wetu, anakung'uta kanzu. Kaburi lilishafukiwa, wameshalimwagia maji.

"Tulikungoja, Ashraf," akasema. "Jua likatushinda."

"Nani aliingia?"

"Dereva mmoja wa lori, alisimama kuswali. Mtu wa mbali, jina sikumuuliza. Ameshaondoka."

Nikaenda msibani. Zaitun alikuwa chumbani na wanawake, akaja mpaka mlangoni, pazia katikati yetu, mkono wake umeushika upindo. Nilijiandaa kutukanwa. Nilitamani kutukanwa. Nikaanza kumweleza habari za saa, laini, mwamuzi, maneno yananitoka hovyo. Nilipoishiwa akauliza taratibu:

"Mmeshinda?"

Ningeweza kusema uongo. Sikuweza.

"Tumeshinda, shemeji. Tumepanda daraja."

"Hongereni," akasema, akaachia pazia.